Jogoo Huwika kwa Lugha Gani? Uigaji wa Milio ya Wanyama katika Kithai, Kiarabu na Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mazoea ya kulinganisha milio ya wanyama katika lugha mbalimbali kwa kutumia orodha za tanakali sauti peke yake. Kwa mifano ya Kithai, Kiarabu na Kiswahili, inadaiwa kwamba mlio wa mnyama haukai mahali pamoja katika sarufi ya kila lugha: Kithai huuweka zaidi katika toni na katika majina ya wanyama wenyewe, Kiarabu katika viunzi vya nomino, na Kiswahili katika vitenzi. Jambo hili lina uzito kwa watunga kamusi, kwa walimu na hasa kwa wafasiri.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uhusiano wa neno na kitu ni wa kale. Plato aliuandika kwa namna ya majibizano katika Cratylus, na hadi leo haujafungwa. Katika isimu ya karne ya 20 upande mmoja ulipata nguvu kubwa kupitia mihadhara ya Ferdinand de Saussure, iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake. De Saussure alishikilia kuwa uhusiano wa kitaja na kitajwa ni wa nasibu. Alipokabiliwa na tanakali sauti alijibu kwamba ni chache, na kwamba zikishaingia katika lugha huburutwa na mabadiliko ya sauti kama maneno mengine yote. Mfano wake ni neno la Kifaransa pigeon, yaani njiwa, lililotokana na pipio la Kilatini cha watu wa kawaida. Kinda aliyekuwa akilia pi-pi ndani ya neno hilo amenyamaza.

Kabla yake, mwaka 1861, Max Müller alikuwa amekwisha kuikejeli rai kwamba lugha ya binadamu ilianza kwa kuiga wanyama. Aliipachika jina la bow-wow, mlio wa mbwa wa Kiingereza, na kejeli hiyo imedumu kuliko hoja zilizoandamana nayo. Tangu hapo milio ya wanyama imeachiwa pembe ya burudani ya taaluma: hutajwa katika mhadhara wa kwanza wa isimu ili wanafunzi wacheke, kisha mwalimu huendelea na mambo mazito. Makala haya yanadai kwamba pembe hiyo haikuchunguzwa vya kutosha, na kwamba chombo kilichotumika kuichunguza, yaani jedwali la milio, ndicho chenye kasoro.

2.0 Kasoro ya Jedwali

Jedwali la kawaida hupanga wanyama upande mmoja na lugha upande wa pili. Kwa jogoo, Kifaransa huandikiwa cocorico, Kijerumani kikeriki, Kihispania quiquiriquí, Kijapani kokekokkoo, Kiingereza cock-a-doodle-doo, Kithai ek-i-ek-ek na Kiswahili kokorikoo. Baada ya hapo msomaji hualikwa kustaajabu. Anayetaka kumtetea de Saussure hustaajabia tofauti, maana jogoo ni yule yule. Anayetaka kumpinga hustaajabia mfanano, maana karibu kila lugha imesikia kipasuo k na silabi nne au tano.

Wote wawili wanaharakisha. Chukua k hiyo. Kiswahili kina silabi wazi, na tanakali zake hufuata sheria hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo k haina mahali pa kukaa isipokuwa mwanzoni mwa silabi: ko-ko-ri-ko. Kithai kinaruhusu vipasuo p, t na k kufunga silabi, navyo hutamkwa bila kuachiliwa, pumzi ikikatwa ghafla. Katika ek-i-ek-ek, k inafunga mlango ambao Kiswahili huufungua. Sikio la Mthai limeshika jinsi kila mwiko wa jogoo unavyokatika. Sikio la Mswahili limeshika jinsi unavyoanza. Jedwali linaandika k katika visanduku viwili na kuacha msomaji aamini kwamba ni jambo moja.

Kasoro ya pili ni ya hadhi. Kisanduku cha Kiingereza kina neno la chumba cha watoto, ambalo mtu mzima hawezi kuliandika katika taarifa ya mifugo bila kuchekwa. Katika Kijapani, kinyume chake, maneno ya kuiga sauti ni sehemu ya kawaida ya usemi wa watu wazima, hutumika kama vielezi na hupatikana katika magazeti na riwaya. Kuyaweka maneno haya katika mstari mmoja ni kulinganisha vazi la nyumbani na vazi la ofisini kwa sababu tu yote mawili ni nguo.

Kasoro ya tatu inahusu maandishi. Katika kipande kilichosalia cha Cratinus, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha wa Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, mlio wa kondoo umeandikwa kwa herufi beta na eta. Mgiriki wa leo akizisoma herufi hizo kwa matamshi yake atapata vi vi, mlio ambao hakuna kondoo aliyepata kuutoa. Wanazuoni wa Kigiriki wamemtumia kondoo huyo kama shahidi kwamba eta ilikuwa irabu ndefu iliyokaribia e, na beta ilikuwa kipasuo. (Erasmus, katika kitabu chake cha mwaka 1528 kuhusu matamshi sahihi ya Kilatini na Kigiriki, aliwapa majibizano simba na dubu, kondoo ndiye aliyestahili kualikwa.) Ushahidi huu unamgeuza njiwa wa de Saussure. Pipio limebadilika kwa sababu lilikuwa jina, na jina husafiri na lugha. Mlio wenyewe hauachwi usafiri hivyo: kila kizazi humsikiliza kondoo upya na kulirekebisha neno. Jina la mnyama na mlio wa mnyama, basi, havina historia moja, na jedwali halina safu ya historia.

3.0 Kithai: Mlio ndani ya Toni

Wathai wana istilahi ya kishule kwa maneno haya, kham lian siang thammachat, yaani maneno yanayoiga sauti za maumbile, na katika mafunzo ya fasihi tamathali ya namna hiyo huitwa sattaphot. Mifano inayofuata inaandikwa kwa herufi za Kirumi bila alama za toni. Toni inatajwa kwa maneno.

Kithai kina toni tano: ya kati, ya chini, shukaji, ya juu na pandaji. Paka hulia miao kwa toni pandaji. Mbwa mkubwa hubweka hong hong kwa toni shukaji, na mbwa aghalabu mdogo zaidi bok bok kwa toni ya juu. Bata hulia kap kap, chura op op, nguruwe ut ut, kifaranga jiap jiap, wote kwa toni ya juu. Ng'ombe hulia mo, kwa toni ya kati, sauti iliyotulia. Mpangilio huu unakubaliana kwa sehemu na hoja aliyoitoa John Ohala miaka ya 1980, kwamba viumbe huhusisha kidatu cha juu na udogo na kidatu cha chini na ukubwa. Kwa sehemu tu, kwa kuwa nguruwe si mdogo kuliko mbwa. Toni ya juu ya ut ut inaelekea kuiga ukali wa sauti, na si kimo cha anayeitoa.

La maana zaidi ni mahali maneno haya yalipo katika mfumo wa sauti wa Kithai. Silabi inayoanza kwa konsonanti za kundi ambalo wanasarufi wa Kithai huliita la kati, kama k, p na b, au kwa kituo cha glota, na kufungwa kwa kipasuo, kwa kawaida huwa na toni ya chini. Kap ya bata, bok ya mbwa na op ya chura zinavunja kawaida hiyo: zina toni ya juu, nayo huandikwa kwa alama iitwayo mai tri. Alama hiyo ina kazi chache katika maneno ya asili ya Kithai. Hukutwa zaidi katika maneno ya mkopo, kwa mfano to, yaani meza, kutoka Kichina, na katika tanakali. Kwa maneno mengine, bata na chura wa Kithai wanaishi mtaa mmoja na wageni. Lugha imewafungulia chumba ambacho wenyeji hawakitumii, na mwandishi wa Kithai anao uwezo wa kuonyesha kwenye karatasi kwamba sauti hiyo imetoka nje ya mazungumzo ya kawaida. Hapa hoja ya uchache wa tanakali haisaidii kitu. Hata zikiwa chache, ndizo zinazoeleza kwa nini sehemu fulani ya mfumo wa maandishi ina kazi.

Toni pia inaonyesha mpaka kati ya mlio na jina. Paka kwa Kithai ni maeo, kwa toni ya kati; mlio wake ni miao, kwa toni pandaji. Msikilizaji hana shaka kwamba jina limezaliwa na mlio, lakini jina limetulizwa: limevuliwa mpando wa sauti na kupewa toni isiyovutia macho, kama nomino nyingine. Kunguru ni ka, na hulia ka ka. Ndege aina ya kekeo ajulikanaye sana Asia ya kusini mashariki huitwa kawao. Kifaranga ni luk jiap, mtoto wa jiap. Mjusi mkubwa wa nyumbani ni tukkae, silabi ya kwanza juu na ya pili kati, na yeye amefanikiwa kulipeleka jina lake mbali, kwani majina ya jamaa zake katika Kimalei na Kijava, na hata neno gecko lililoingia katika jina la kisayansi Gekko gecko, yote yametokana na mlio.

Kithai kina vitenzi vya milio pia. Mbwa hao, yaani hubweka; jogoo khan, yaani huwika. Khan hutumika vilevile kwa njiwa, na matumizi haya si ya vitabuni tu. Kusini mwa nchi, hasa Yala, njiwa wadogo wa aina ya pundamilia hufugwa kwa ajili ya mashindano ya kulia, ambamo waamuzi husikiliza ubora wa sauti ya kila ndege. Jamii inayompa njiwa alama kwa namna anavyolia imekwisha kuutoa mlio wa mnyama katika chumba cha watoto.

4.0 Kiarabu: Mlio ndani ya Kiunzi

Kiarabu kinafuata njia nyingine kabisa. Wanasarufi wake waliona zamani kwamba nomino za sauti huelekea kuingia katika viunzi viwili. Kiunzi cha fu'al kinatoa nubah kwa mbwa, muwa' kwa paka, 'uwa' kwa mbwa mwitu, thugha' kwa kondoo na mbuzi, rugha' kwa ngamia na khuwar kwa ng'ombe. Kiunzi cha fa'il kinatoa sahil kwa farasi, nahiq kwa punda, za'ir kwa simba, hadil kwa njiwa na naqiq kwa chura. Baadhi ya mizizi hii inasikika kama uigaji wa wazi. Muwa' hahitaji kueleza kitu. Lakini si mzizi peke yake unaomwambia msikilizaji kwamba pana sauti. Kiunzi kinamwandaa kabla hajautambua mzizi. Kiunzi hicho hicho cha fu'al hubeba pia maradhi: su'al ni kikohozi, zukam mafua, suda' maumivu ya kichwa. Kikohozi kinasimama mlangoni kati ya makundi hayo mawili, ni ugonjwa na ni sauti.

Mwenye jedwali akiuliza mbwa wa Kiarabu husemaje, atapewa haw haw na kuridhika. Atakuwa amekosa mfumo mzima.

Kiswahili kimekopa maelfu ya maneno kutoka Kiarabu, likiwamo neno sauti lenyewe, lakini hakikuona haja ya kukopa nomino hizi za wanyama. Pengo hilo humkabili mfasiri wa Kurani. Katika Sura ya Taha, aya ya 88, ndama wa dhahabu anatajwa kuwa na khuwar, nomino ya ng'ombe na jamii yake. Kiswahili hakina nomino moja iliyotengwa kwa ng'ombe. Mfasiri hulazimika kutumia sauti au mlio, na hapo umahususi wa neno unapotea: katika Kiarabu sanamu inatoa sauti ya ng'ombe hai, na ndipo ulipo upotofu, katika Kiswahili inaweza kuwa inatoa sauti yoyote. Katika Sura ya Luqman, aya ya 19, tatizo halipo, kwani pale Kiarabu chenyewe kimeacha nahiq na kutumia neno la jumla kwa punda, na sauti inakutana na sauti.

5.0 Kiswahili: Mlio ndani ya Kitenzi

Kitenzi cha jumla cha Kiswahili ni kulia. Ng'ombe hulia, kengele hulia, bunduki hulia, tumbo la mwenye njaa hulia na mfiwa hulia. Upana huu umewafanya wengine waone kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. Hukumu hiyo inatokana na kuangalia kisanduku cha tanakali tu. Jogoo huwika, mbwa hubweka, simba hunguruma, kuku hutetea, nyuki huvuma. Vitenzi hivi ndivyo vinavyobeba mzigo ambao Kiarabu kimeupa kiunzi na Kithai kimeupa toni.

Tofauti kubwa ya kitenzi na mlio ni kwamba kitenzi kinanyambulika na kinakanushika. Methali isemayo jogoo wa shamba hawiki mjini inasimama juu ya kikanushi. Kokorikoo haikanushiki, mtu anaweza kuitoa au kuiacha, hawezi kuikana. Angurumapo simba, mcheza nani? inategemea kirejeshi -po, ambacho hakina pa kushika katika mlio mtupu. Kutoka katika vitenzi hivi zinapatikana nomino mngurumo, mbweko na mvumo, na vilevile uvumi, habari inayozunguka kama nyuki bila kujulikana imetoka mzinga gani. Kurasa za michezo zinasema timu inawika, wapenzi wa muziki wanasema wimbo unavuma, na anayetaka kumtweza mpinzani husema anabweka. Ndege aitwaye chiriku amekuwa jina la mtu asiyenyamaza. Huu ni uwanja hai wa sitiari, na umewezekana kwa sababu mlio umeingia katika kitenzi, si kwa sababu ulibaki nje kama mwigo.

Majina ya ndege nayo yanaonyesha kwamba njia ya Kithai haikufungwa kwa Kiswahili. Hondohondo na tetere wanajitaja, na kuku mwenyewe, pamoja na ngũkũ wa Kikuyu, inkukhu wa Kizulu na enkoko wa Luganda, haelekei kupewa jina na mtu aliyeziba masikio. Nyau, mlio wa paka, hutumika katika mazungumzo kama jina lake.

Je, Kiswahili hufanyaje bila toni? Hutumia urefu, na hapa tahajia inaficha ufundi ambao vitabu vya sarufi havijautaja sana. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Jogoo, kwa upande wake, huvuta sehemu ya mwisho ya mlio. Kwa kuandika kokorikoo, kwa irabu mbili, Kiswahili hupata silabi ya pili kutoka mwisho pale pale jogoo anapoitaka, na kanuni haikuvunjwa. Ndivyo ilivyo kwa mee ya mbuzi, na kwa jii ya kimya. Kithai kimewafungulia wanyama chumba cha wageni. Kiswahili kimewaketisha sebuleni na kuwapa mkeka wa wenyeji.

Jii hiyo inastahili kuangaliwa. Clement Doke, katika kitabu chake cha istilahi za lugha za Kibantu cha mwaka 1935, alilipa kundi hili la maneno jina la ideofoni na kulitaka litambuliwe kama kundi kamili la maneno. Mark Dingemanse, mwaka 2012, alipendekeza ngazi: lugha huanza na maneno ya kuiga sauti, kisha mwendo, kisha yaonekanayo kwa macho, kisha hisia nyingine za mwili, na mwisho hali za ndani. Kiswahili kinapanda ngazi hiyo bila taabu: mtu huanguka pu, hutumbukia chubwi, hulowa chepechepe, nguo huwa nyeupe pepepe, giza huwa totoro, na mahali huwa kimya jii, neno linaloiga kutokuwapo kwa sauti. Lugha yenye uwezo wa kuiga kimya haikushindwa kumwiga ng'ombe. Haikuhitaji.

Hata hivyo kamusi nyingi za Kiswahili huyaingiza maneno haya ama kama vielezi ama kama viingizi, bila kuonyesha kitenzi yanachoandamana nacho, wakati totoro haitembei bila giza. Vitabu vya shule navyo hutoa orodha ya milio na wenyewe, kila mnyama na kitenzi chake, mwanafunzi akariri. Orodha hiyo ni jedwali lile lile lililohakikiwa hapo juu, limegeuzwa tu kuwa mtihani. Mtoto aliyeandika kwamba simba analia hajakosea Kiswahili. Ameacha kitenzi mahususi na kuchukua cha jumla. Mwalimu anayempa sifuri amemfundisha kwamba kunguruma ni mali ya simba, hali radi na injini ya lori vinanguruma kila siku.

6.0 Mzigo wa Mfasiri

Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967, iliwaletea wasomaji wa Kiswahili riwaya ya George Orwell ambamo kondoo hurudia kaulimbiu ya kulinganisha miguu minne na miwili hadi mjadala unazimika. Katika Kiingereza kaulimbiu hiyo inaishia kwa neno la ubaya lenye b na irabu iliyo karibu sana na mlio wa kondoo wa Kiingereza, kiasi kwamba kuitamka ni kulia. Siasa ya kitabu imo ndani ya sauti hiyo: wafuasi hawakupewa hoja, walipewa kitu ambacho koo lao lilikwisha kukijua. Mfasiri yeyote anayetafuta maana peke yake anaweza kuikosa sauti bila kujua kwamba ilikuwapo. Bahati ni kwamba Kiswahili kina mibaya, ambamo mkazo unaangukia ba, silabi inayoweza kuvutwa kadiri kondoo atakavyo. Lakini bahati hiyo inamfaa tu mfasiri aliyekwisha kusikia kondoo.

Kithai kinatoa jaribio gumu zaidi, kwa sababu mnyama wake mara nyingi ndiye jina lake. Hadithi ambamo tukkae anajibu swali kwa kulitaja jina lake haiwezi kupita katika Kiswahili kwa kumwita mjusi kafiri. Spishi itakuwa ya jamaa, na jibu litapotea. Kuliacha neno tukkae kama lilivyo kunaokoa mlio, ila k iliyofunga silabi itaomba irabu, na silabi ya kwanza, iliyokuwa juu, itashuka ifanane na nyingine. Njia ya tatu ni kumwachia nafasi hiyo hondohondo, ambaye ana manyoya, haishi katika dari za nyumba wala hatambai ukutani usiku, lakini akiulizwa yeye ni nani, hujibu.